JASHO LA MPIGA VIDEO NA UKWELI WA TANGAZO

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vyombo vya moto siku hizi hata kizuri chatembezwa, tena kwa picha. Pikipiki, bajaji, guta, trekta na gari lililokwisha kutumika havimngoji tena mnunuzi apite mlangoni pa duka. Humfuata mpaka kiganjani mwake, katika simu, awe Bariadi mjini, awe Meatu, awe Nansio kisiwani Ukerewe. Nyuma ya picha hizo yuko mtu ambaye jina lake halitajwi na ambaye haki yake, kwa maoni yetu, haijatazamwa ipasavyo. Huyo ni mpiga video wa matangazo anayefanya kazi peke yake.

Yafaa ieleweke kwanza kazi yenyewe ni ipi. Mtu huyu hutunga maneno ya tangazo, huchagua mahali na saa ya kupigia picha, hushika kamera, huweka maikrofoni, humwelekeza muuzaji namna ya kusema, kisha usiku huketi mbele ya kompyuta akikata na kuunga vipande mpaka dakika moja ipatikane. Huondoka alfajiri kwa sababu jua la mchana hung'arisha bati la gari hata rangi yake isionekane. Upepo ukivuma, sauti yote huharibika na kazi huanza upya. Vumbi likiingia katika lenzi, gharama ni yake. Hizo ni kazi za watu watano zilizobebwa na bega moja.

Haikuwa hivyo zamani. Waingereza walipofanya jaribio lao la sinema za mafunzo huko Vugiri, mkoani Tanga, kati ya 1935 na 1937, walihitaji studio, mafundi na fedha za wafadhili. Hata baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu ya Tanzania ilipoanzishwa mwaka 1968, kutengeneza filamu kulibaki kuwa kazi ya dola na mashirika yake. Leo kijana wa Bariadi mwenye kamera ndogo, au hata simu nzuri, anaweza kufanya peke yake sehemu kubwa ya kazi iliyohitaji kundi zima. Haya ni maendeleo, nasi tunayapokea kwa mikono miwili. Lakini chombo kikipungua uzito haina maana kwamba jasho la anayekitumia limepungua thamani.

Mkoa wa Simiyu ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na uchumi wake umeshikwa sana na pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa na mkulima akapata fedha yake, ndipo pikipiki na guta huulizwa zaidi, na ndipo muuzaji humtafuta mpiga video kwa haraka. Katika viwanja vya Nyakabindi, ambako maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika 2018, 2019 na 2020, matrekta na zana hupangwa safu kwa safu, na kila mwenye zana hutaka zake zionekane kabla ya za jirani. Kazi basi ipo. Swali ni malipo.

Mapatano mengi ya kazi hii hufanywa kwa mdomo, pembeni mwa gari lenyewe. Muuzaji husema: piga kwanza, tangazo likileta mteja nitakulipa. Maneno haya yanasikika kuwa ya kiungwana, kumbe yamebeba dhuluma. Mpiga video hakupanga bei ya gari, hakuchagua injini yake, wala hana amri juu ya bei ya pamba. Kwa nini basi hasara ya gari lisilouzika iwe juu yake? Fundi aliyepaka rangi duka haambiwi asubiri mpaka bidhaa ziishe ndipo alipwe.

Yako madhara makubwa kuliko hayo ya mfukoni. Anayelipwa kwa sharti la gari kuuzwa si mpiga picha tena; amegeuzwa dalali mwenye kamera. Akiombwa kuukwepa mlango ulioshika kutu, ataukwepa. Akiombwa asiuonyeshe moshi wa injini, hatauonyesha. Akiombwa kusema gari halijatembea sana, atasema, maana mlo wake umefungwa katika uongo huo. Ndiyo maana tunasema kwamba malipo ya mpiga video si shauri lake na muuzaji peke yao. Ni shauri la mnunuzi pia.

Na hakuna mnunuzi aliye hatarini kuliko mwananchi wa kisiwani. Mkazi wa Bariadi anaweza kwenda kwa miguu akalitazama gari, akalizunguka, akaliwasha. Ndugu yetu wa Ukerewe ni lazima avuke ziwa, mathalani kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, apite Bunda, afike Lamadi, ndipo ashike njia ya Bariadi. Kwa sababu ya safari hiyo hushawishika kuamini picha na kutuma fedha. Kwake tangazo limekuwa macho yake mwenyewe, na kumdanganya mtu kwa macho yake mwenyewe ni kosa lisilo dogo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara, na kamera haimpi mtu ruhusa ya kuikiuka.

Hatusemi kwamba wauzaji wote ni wanyonyaji. Wengi wao wana mitaji midogo, na wengine wamekwisha kuumizwa na wapiga video waliopokea fedha wakatoweka, au waliochukua muziki na picha za watu wengine bila ruhusa wakamletea mwenye duka kesi ya hakimiliki. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini dawa yake si kumnyima malipo aliye mwaminifu. Dawa yake ni maandishi.

Mali bila daftari huisha bila habari. Sheria yetu ya Mikataba haiyakatai mapatano ya mdomo, ila mgogoro ukizuka kila upande hukumbuka maneno yake. Karatasi moja inatosha. Iandikwe kazi ni ipi na itakamilika lini. Malipo ni kiasi gani, na nusu yake itolewe kabla kamera haijawashwa. Marekebisho yatafanywa mara ngapi bila nyongeza. Muziki umetoka wapi. Na picha ambazo hazikutumika zitakuwa mali ya nani. Tangazo lenyewe litaje jina na mahali pa muuzaji, mwaka gari lilipotengenezwa, kilometa zilizotembewa kama chombo kinavyozionyesha, na bei. Kasoro inayojulikana isifichwe. Muuzaji athibitishe habari hizo kwa sahihi yake, ili mpiga video asije akabebeshwa uongo asioutunga.

Kwa viongozi tuna rai mbili. Ya kwanza ni kwa maofisa biashara na maofisa utamaduni wa halmashauri sita za mkoa wa Simiyu. Waandae mfano wa mkataba huo kwa Kiswahili chepesi, wauweke katika ofisi za kata na kuugawa wakati wa maonyesho. Gharama yake ni karatasi tu. Tena ofisi za serikali zenyewe ziwe kielelezo: anayeitwa kupiga video ya mkutano au ya uzinduzi alipwe, asiambiwe kwamba kuonekana na wakubwa ndiyo malipo yake.

Rai ya pili yahusu mikopo. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa 2024. Msingi wa mikopo hiyo ni kikundi, na hapo ndipo anayefanya kazi peke yake hukwama. Hatuombi utaratibu uvunjwe kwa ajili yake. Tunashauri wapiga video wenyewe waungane katika vikundi vya kumiliki vifaa kwa pamoja, yaani kamera, taa na maikrofoni, huku kila mmoja akibaki na wateja wake. Maofisa maendeleo ya jamii wauelewe ushirika wa namna hii, wala wasiukatae kwa sababu hauna shamba wala cherehani.

Kwa wananchi wa visiwani neno letu ni fupi. Picha iwe mwanzo wa mazungumzo, isiwe mwisho wake. Ulizeni kadi ya gari na namba ya chasisi, mtumeni fundi mnayemwamini akalikague, na fedha isivuke ziwa kabla ya macho ya mtu wenu kufika.

Mpiga video aliyelipwa haki yake hana sababu ya kuikwepa kutu. Akiionyesha, muuzaji atapunguza bei kidogo na kupata mteja atakayerudi, na mnunuzi atajua anachokinunua. Msimu wa pamba usikute tena mapatano haya yakielea hewani.