Garissa Ina Hadithi, Mwelekezi Atoke Wapi?

Wiki mbili zilizopita alinipigia simu mwalimu mmoja kijana wa Garissa. Tulijuana safarini, kwenye basi la kutoka Malindi, siku maji yalipokata barabara karibu na Garsen tukalala njiani tukigawana tende na biskuti. Tangu hapo huniita "abti", yaani mjomba kwa Kisomali, nami humwita mwanangu ingawa ndevu zake zimezipita zangu. Safari hii hakupiga kunijulia hali. Alikuwa na swali: mtu mwenye digrii ya ualimu, anayefundisha Kiswahili na kusimamia kikundi cha drama shuleni, akitaka kuwa mwelekezi wa michezo ya kuigiza, mwelekezi wa kazi hasa, si wa msimu wa mashindano tu, akasomee wapi?

Mie mwenye diploma yangu moja ya tangu ujana, kuulizwa mambo ya uzamili ni kama kinyozi kuulizwa habari za upasuaji. Lakini nilimuahidi kuulizia. Niliyoyapata nayaweka hapa kwa sababu swali si lake peke yake. Kijana wa Lamu, wa Hola na wa Kwale wamo katika jahazi hilo hilo.

Kwanza, kwa nini sasa. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia sekondari ya juu, na mmoja kati ya mikondo mitatu wanayochagua ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani yake mna somo la Thieta na Filamu. Kwenye karatasi, mtoto wa Masalani au wa Mandera ana haki ya kulichagua sawa na wa Nairobi. Nani atamfundisha? Kaskazini Mashariki imeishi miaka mingi kwa kutegemea walimu kutoka bara. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baadaye tume ya walimu, TSC, ikawaondoa wengi wasio wenyeji katika Garissa, Wajir na Mandera. Watu walihesabu walimu wa hisabati na fizikia waliopungua. Sikumsikia mtu akihesabu waliokuwa wakisimamia vikundi vya drama jioni baada ya masomo, na kazi hiyo kwa kawaida huangukia mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza, apende asipende.

Kuna wanaodhani mwelekezi ni mtu wa kupiga makofi na kusema "rudieni". Aprili 2025 nchi nzima iliona mambo yalivyo. Wasichana wa Butere walipofika Nakuru kuonyesha "Echoes of War", mwandishi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamuru waruhusiwe kuigiza. Wakasimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Tuache siasa zake kando. Mchezo ulikuwapo na waigizaji walikuwapo, lakini aliyewatayarisha akazuiwa kuwafikia, na kilichobaki kikawa wimbo wa taifa.

Kiti hicho cha mwelekezi kina historia ndefu ya kukaliwa na wengine. Jumba la Taifa la Maonyesho lilifunguliwa Nairobi mwaka 1952, na Mkenya wa kwanza kuliongoza, Seth Adagala, alikuja kulishika 1968. Na usidhani hayo ni ya enzi za ukoloni tu. Mwaka 2012, jumba la Globe la London lilipoalika tamthilia za Shakespeare katika lugha za dunia, "The Merry Wives of Windsor" ilichezwa kwa Kiswahili na waigizaji wa Kenya. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini katika kiti cha mwelekezi alikuwamo Mwingereza, Daniel Goldman. Simlaumu, alifanya kazi yake. Nauliza tu ni wangapi kwetu ambao wangeweza kuitwa siku ile wakiwa wamesomea jambo lenyewe.

Sasa njia zilizopo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya sanaa za thieta na filamu, na uzamili wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 60, na humo ndimo walimofundisha Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba. Hussein, mtoto wa Kilwa aliyeandika "Kinjeketile", alikwenda hadi Berlin ya Mashariki kuchukua udaktari wake. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Hicho ni cha stashahada, si cha uzamili, lakini kwa mikono na miguu ya kazi sidhani kina mpinzani katika mwambao wote.

Ng'ambo kuna mtindo mwingine. Birkbeck ya London ina uzamili wa uelekezi wa miaka 2, na mwaka wa pili mwanafunzi huwekwa ndani ya thieta afanye kazi na wenye kazi. Skuli ya drama ya Yale, Marekani, tangu 2021 haitozi ada ya masomo. Nilipomwambia hilo la Yale, kijana alinyamaza kidogo, kisha akacheka: "Abti, bure ndiyo, lakini viza nayo ni bure?" Nafasi zenyewe ni chache mno na wanaozigombea wametoka dunia nzima.

Tofauti niliyoiona mie ni hii. Uzamili mwingi wa huku kwetu unamalizika kwa tasnifu. Unasoma, unaandika kurasa mia na zaidi, unajitetea mbele ya jopo. Kule, mtihani ni mchezo wenyewe: umeuelekeza, watu wameuona, walimu wamekaa viti vya nyuma na kalamu zao. Mtu anaweza kumaliza uzamili wa aina ya kwanza akaweza kueleza historia ya thieta ya Kiafrika tangu kale, na asijue la kumwambia muigizaji aliyesahau pumzi yake katikati ya sentensi.

Na Garissa inahitaji zaidi ya hilo la pumzi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafunguliwa tena Januari 2016, kikapata hati kamili 2017. Kabla ya hapo kulikuwa na Bulla Kartasi ya 1980 na Wagalla ya 1984, mambo yaliyoandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 na ambayo kwa sehemu kubwa yamebaki humo humo ripotini. Ukitaka kuyapandisha jukwaani Garissa mjini, muigizaji wako wa kike huenda shangazi yake alikuwapo. Aliyeketi safu ya mbele huenda alizika. Kuongoza mazoezi kama hayo bila kuwafungua watu vidonda upya ni ujuzi, na haupatikani katika wiki tatu za maandalizi ya mashindano. Asiyeujua atawaliza watu ukumbini, aondoke na kombe.

Halafu kuna hadhira yenyewe. Mashoga na masheha wa Garissa hawakai kama watu wa Nairobi wanavyokaa. Kuna suala la wanawake na wanaume, kuna wakati wa sala, kuna mzee anayetaka kujua binti ataigiza mke wa nani. Mwelekezi mgeni huona hivyo ni vikwazo. Mwenyeji anajua kwamba wanawake wa Kisomali wana buraanbur, ushairi wao wenyewe kwa hadhira yao wenyewe, kama dada zetu wa Lamu na Mombasa walivyo na vugo na lelemama, na kwamba mchezo mzima unaweza kujengwa juu ya hilo. Wala thieta si kitu kigeni kwa Wasomali. Mogadishu ilikuwa na jumba la taifa tangu 1967, na "Shabeelnaagood" ya Hassan Sheikh Mumin ilichezwa 1968. Jumba hilo lilifunguliwa upya Machi 2012 na baada ya wiki chache likapigwa bomu.

Pesa? Hazina ya Usawazishaji, iliyowekwa na Ibara ya 204 ya Katiba kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, ni asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, na imetajiwa maji, barabara, afya na umeme. Sina ugomvi na maji. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezipa kaunti kazi ya utamaduni na burudani za umma. Kaunti inayotoa basari kila mwaka haishindwi kumsomesha mtu mmoja uelekezi, mmoja tu kila miaka miwili, kwa sharti la kurudi. Na Chuo Kikuu cha Garissa, kinachofundisha walimu tayari, kingeweza kukaa na Kenyatta wakatengeneza stashahada ya uzamili ya mwaka 1, nusu darasani na nusu ukumbini, mitihani ikiwa ni michezo inayoonyeshwa mjini. Hapo hatuzungumzii jengo jipya. Ukumbi wenye mlango unaofunga na taa tatu nne zinatosha kuanzia.

Nilimshauri aanze na Kenyatta, maana Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370 na anaweza kurudi kwa mazoezi wakati wa likizo, kisha atafute miezi michache Bagamoyo. Amekubali nusu. Anangoja jibu la likizo ya masomo, na ameshangojea sana.

Juzi alinipigia tena. Jumamosi baba wa msichana mmoja alikuja shuleni kumchukua binti yake katikati ya mazoezi, uso umemkunjamana. Kijana akampa kiti. Mzee akakaa, akatazama kimya, mwisho akasema yule anayeigiza mzee wa ukoo hajui kushika bakora. Akainuka mwenyewe kumuonyesha.