Sayari niliyoifuta kwa kiganja

Kila mwaka nikifika kwenye somo la mvutano, katika darasa langu hapa Katuba, katika mji wetu wa shaba wa Katanga, huandika majina ya sayari ubaoni, kisha nachomeka moja zaidi: Vulkani. Wanafunzi wananakili. Hakuna anayeuliza. Naifuta kwa kiganja na kuwaambia haikuwahi kuwepo. Hapo ndipo wanapoamka.

Walioitafuta hawakuwa wajinga. Mwaka 1846 mwanaastronomia Mfaransa Urbain Le Verrier alichunguza kwa nini Uranusi haifuati njia inayotazamiwa. Akapiga hesabu: iko sayari nyingine inayoivuta. Akaandika barua Berlin, na usiku wa 23 Septemba Johann Galle akaielekeza darubini na kuiona Neptuni, chini ya digrii moja kutoka pale alipoelekezwa. Mtu wa ushindi kama huo, nani tena atambishia?

Mwaka 1859 akaibua kasoro ya Utaridi. Njia yake kulizunguka Jua ilikuwa ikigeuka kupita hesabu, kwa kiasi cha kama sehemu moja ya mia ya digrii katika karne nzima. Le Verrier akatoa dawa ileile: iko sayari karibu zaidi na Jua. Desemba, daktari wa kijiji cha Orgères, Edmond Lescarbault, akamwandikia kwamba tarehe 26 Machi aliona nukta nyeusi ikikatiza uso wa Jua. Mkubwa akafunga safari hadi kwake, akamhoji kwa ukali, akaondoka ameridhika.

Mimi nampenda daktari huyo. Saa yake haikuwa na mshale wa sekunde, basi akazihesabu kwa gololi ya pembe ya ndovu iliyoning'inia kwenye uzi wa hariri. Mahesabu aliyaandika juu ya mbao, na ubao ukijaa anaupiga randa, anaanza upya. Maseremala wa mtaa wa Kenya hapa mjini wangemwita mwenzao. Januari 1860 alivishwa nishani ya taifa kwa sayari isiyokuwepo, iliyopewa jina la mungu wa Kirumi wa wahunzi (jina ambalo sisi wa mji wa shaba tungeliomba).

Wakaitafuta miaka na miaka. Jua lilipopatwa Marekani mwaka 1878, mwanaastronomia James Craig Watson akaapa ameiona. Novemba 1915 Einstein akaonyesha kuwa hakuna kilichopungua angani. Iliyopungua ni kanuni yenyewe ya mvutano.

Watu wa Katanga tusicheke sana. Mpelelezi Livingstone aliamini mto Lualaba ni Nile, na kwamba chemchemi nne zilizosimuliwa na Herodoto ziko huku kwetu. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, angali akizitafuta. Agosti 1877 Stanley, aliyeifuata Lualaba, akatokea Boma, karibu na Atlantiki, si kwenye Nile. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Septemba, Le Verrier akafa na Vulkani yake moyoni.

Vitabu vyetu vya shule vinampa Le Verrier sifa ya Neptuni, vinanyamaza kuhusu Vulkani. Kwangu hilo ni kosa. Mtoto anakariri washindi, anafaulu mtihani wa serikali, wala hajawahi kuona jinsi hesabu safi inavyomdanganya bingwa kwa sababu tu jana ilimpa ushindi. Walimu wenzangu, andikeni Vulkani ubaoni mwaka huu, na msiharakishe kuifuta.