Kamba ni ile ile, kazi ndiyo tofauti

Imekuwa ada siku hizi kwa mashirika, benki na hata idara za serikali kuwapakia wafanyakazi wao katika mabasi na kuwapeleka Naivasha, Sagana au vilima vya Ngong. Huko hushinda wakivuta kamba, wakivuka maji na kubebana migongoni, yote hayo kwa jina la kujenga umoja. Gharama yake si haba. Basi hatuna budi kuuliza: umoja huo huenda wapi ifikapo Jumatatu?

Mafunzo haya hayakuanza kama mchezo. Mnamo 1941, vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto, mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, aliyekuwa amekimbilia Uingereza, alishirikiana na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, kuanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Shabaha mojawapo ilikuwa kuwapa mabaharia chipukizi ustahimilivu wa kuokoka meli zao zinapozamishwa na adui. Humu nchini, shule ya aina hiyo ilifunguliwa kabla ya uhuru huko Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Lakini je, kamba yenyewe huunganisha watu? Mnamo 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana wa umri wa miaka 11 hivi kambini Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani, wakawagawa makundi mawili. Waliposhindanishwa, kwa kuvuta kamba miongoni mwa michezo mingine, uhasama ulizuka: bendera zilichomwa, vibanda vikavamiwa. Kuwalisha pamoja na kuwaonyesha filamu hakukuwapatanisha. Kilichowapatanisha ni shida ambazo watafiti walizibuni makusudi, na ambazo hakuna kundi lililoweza kuzitatua peke yake. Maji yalikatika, kisha lori la kuleta chakula likakataa kuwaka. Wavulana wakaichukua kamba ile ile waliyokuwa wakishindania, wakalivuta lori kwa pamoja.

Funzo hapa ni bayana. Kamba haina umoja wala utengano ndani yake; haja inayowafanya watu waishike ndiyo huamua. Meneja anayeipanga idara ya uhasibu ivutane na idara ya mauzo, ilhali idara hizo haziivi chungu kimoja ofisini, anachochea moto alionuia kuuzima.

Isitoshe, kuna suala la cheo. Watafiti Roger Brown na Albert Gilman walionyesha mnamo 1960 kwamba namna watu wanavyoitana hufichua mambo mawili: mamlaka na mshikamano. Nyikani, karani humwita meneja kwa jina lake na kumpigia kelele akaze mikono. Jumatatu, neno "mkubwa" hurejea, na pamoja nalo hurejea kimya. Karani aliyeona kasoro katika hesabu huinamisha kichwa, kwani mwenye nguvu mpishe. Utafiti wa Amy Edmondson uliochapishwa mnamo 1999 ulionyesha kwamba vikundi vya kazi hujifunza zaidi pale wanachama wanapoamini kwamba hawataadhibiwa wala kudhalilishwa kwa kutaja kosa au kuuliza swali. Imani hiyo hailetwi na alasiri moja ya kurukaruka majanini. Huletwa na jinsi mkubwa anavyompokea yule anayemletea habari mbaya.

Aidha, hiari ni jambo la lazima. Anayeshurutishwa kuning'inia juu ya korongo mbele ya wakubwa wake hajifunzi ujasiri. Hujifunza kuuficha woga. Ataurudisha ofisini ujuzi huo wa kuficha.

Sisemi ziara hizi zifutwe. Nasema zisifanywe badala ya uongozi. Wenye kuziandaa na wachanganye idara badala ya kuzishindanisha, wasimlazimishe mtu, na watenge muda wa kujadili kilichotokea. Zaidi ya yote, na wachukue tatizo moja la kweli kutoka kazini, walijadili wote bila kujali cheo, kisha uamuzi uliofikiwa utekelezwe. Wafanyakazi wakiona kwamba neno walilolisema porini limebadilisha jambo ofisini, hawatahitaji kukumbushwa kwa fulana za rangi moja kwamba wao ni kitu kimoja.