JIWE LA MVIRINGO HUSEMA NINI?

Mtu akilima shamba lake hapa Malava, akafukua jiwe laini la mviringo mahali pasipo na mto, asilitupe kabla ya kulitazama. Jiwe lililovunjika karibu huwa na ncha kali. Jiwe la mviringo ni msafiri: limebingirishwa na maji na kusuguliwa na wenzake hata ncha zake zikaisha. Mto ukipungua nguvu, huacha kwanza mawe makubwa, kisha kokoto, kisha mchanga. Matope huchukuliwa mbali zaidi. Ndivyo zifanyavyo hata leo Lusumu na Isiukhu, zikiteremka kwenda Nzoia.

Katika nchi ya Kakamega imo miamba ambayo ndani yake zimeshikamana kokoto za namna hiyo, zikawa jiwe moja. Wataalamu waliipa jina la Kavirondo, jina la zamani la sehemu hizi. Umri wake wapita miaka milioni 2,500. Tena baadhi ya kokoto zake ni vipande vya mawe ya volkano na vya itale. Maana yake, palikuwako vilima vingine kabla yake, vikaliwa na maji hata vikatoweka.

Habari hii si ya kujifurahisha tu. Mwaka 1931, Mmarekani L. A. Johnson alipata dhahabu katika changarawe za mto Yala, na wageni wengi wakamiminika. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliibadili sheria ya ardhi ya mwaka 1930, ili ardhi ya Waafrika iweze kuchukuliwa kwa machimbo pasipo kulipwa ardhi nyingine badala yake. Hivyo changarawe za mtoni zilimgusa mkulima shambani mwake.

Mto hauzai dhahabu. Dhahabu hutoka katika mishipa ya jiwe jeupe gumu iliyo ndani ya miamba. Mwamba ukichakaa, chembe huanguka mtoni. Na kwa kuwa uzito wake ni kama mara 19 ya maji, hali jiwe la kawaida halifiki mara 3, hutulia chini ya changarawe, penye kona na mashimo.

Basi mwenye kutafuta na afahamu mambo matatu. Ukingo wa changarawe haushikamani, na ukichimbwa kwa chini humwangukia mchimbaji. Zebaki ikichomwa jikoni, moshi wake hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Tena, kwa sheria ya mwaka 2016, madini yote yamo mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Uchimbaji wataka kibali, na shamba la mtu haliingiwi pasipo ridhaa yake. Mkulima ajuaye hayo hatadanganywa upesi na mgeni mwenye karai na ahadi nyingi.