Ramani ya shamba lako iko mikononi mwa nani?



Siku hizi kila mkutano wa kilimo, Butembo ao Beni, unasema juu ya numeriki: simu, kompyuta, tableti, malipo kwa M-Pesa ao Airtel Money. Na tangu vita ya Goma mwezi wa kwanza 2025, ofisi za serikali ya jimbo zinafanyia kazi Beni. Wenye kupanga wamekuja karibu na sisi. Basi tuwaambie mapema kile tunataka. Mimi naona hivi: mpango usianze na kugawa tableti. Uanze na kufundisha kila kooperative kuandika, kusoma na kuchunga yenyewe habari za wanamemba wake.

Juu ya nini? Juu ya sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115. Sheria ile inakataza kuingiza Ulaya kahawa na kakao iliyotoka pahali pori lilikatwa nyuma ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa kuhakikisha, inaomba alama ya GPS ya kila shamba. Shamba lisilopita hekta 4, pointi moja inatosha. Likipita, unazunguka mipaka yote. Kuanza kwake kumesogezwa mbele mara mbili, lakini sheria haikufutwa. Kahawa ya Lubero na ya miteremko ya Ruwenzori, kakao ya Beni na Mutwanga, zote zinaguswa.

Sasa angalia vile mambo inaweza kutembea. Ajenti wa mnunuzi anafika na simu yake, anazunguka shamba, anaandika jina lako na hesabu ya miti, anaenda. Wewe haukubaki na kitu. Mwaka ujao mnunuzi mwengine anakuja na bei nzuri, anauliza: "Alama za mashamba yenu ziko wapi?" Hamuko nazo. Ziko kwa yule wa kwanza. Njo vile mulimaji anafungwa kwa mnunuzi mmoja bila kamba. Mwenye kushika ramani, anashika na bei.

Wengine watasema: mnunuzi njo mwenye vyombo, yeye njo analipa kazi, tumuache afanye. Ni kweli, na tunamshukuru. Afanye, lakini nakala ibaki kwa kooperative. Kuomba nakala haiko ubishi. Sheria ya numeriki ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mutu binafsi: mwenye jina ana haki ya kujua nini imeandikwa juu yake.

Hapa kwetu kuko jambo lingine. Mutu anayetembea mashambani akipiga picha na kuchukua alama anaweza kushukiwa, na vijana wa kijiji ao na askari. Kuko na mashamba ambayo hata mwenyewe hafikie, juu ya usalama. Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tulijionea: pahali majina yaliandikwa bila watu kuelezwa vizuri, watu walikataa. Kwa hiyo mwenye kupima awe mtoto wa kooperative, anayejulikana na chefu wa kijiji, na aeleze mbele ya kupima. Na mulimaji aliyekimbia shamba lake asitupwe: jina lake libaki kwenye orodha, shamba litapimwa siku njia itafunguka.

Tusisahau mama. Mara nyingi shamba ni la jina la baba, simu ni ya baba, feza inaingia kwa simu ya baba; lakini kahawa ilichumwa na mama. Tukiingiza kaye yetu katika kompyuta vile iko, tutaingiza na makosa yake. Mama aandikwe, naye afundishwe kusoma ujumbe wa malipo na kuchunga namba yake ya siri. Feza ya simu inaepusha mutu kutembea na franga nyingi njiani, lakini haimsaidie yule anayempa mwengine simu amusomee.

Kwa mkutano mkuu unaokuja, ulizeni komite maulizo tatu. Nani kati yetu anajua kupima shamba kwa simu? Nakala za alama na za kilo ziko wapi? Mwanamemba akitaka kuona zake, anaonyeshwa siku gani?

Kama majibu hayako, pelekeni maulizo hayo kwa wenye kupanga: serikali, mashirika, hata sisi wenye kuandika jarida hili. Muombe wafundishe kijana mmoja na binti mmoja wa kila kooperative mbele ya kununua tableti hata moja. Simu inaweza kuibiwa, mradi unaweza kuisha. Kile mutoto wenu amejifunza kinabaki kwenu.