Vitabu vya Picha za Kutisha



Mwezi uliopita tulimkuta mwanafunzi wetu mmoja amekificha kitabu cha picha mkobani. Juu ya jalada palikuwa na jitu refu lenye mishono usoni. Tulipomwuliza ni nani, akajibu, "Huyu ndiye Frankenstein, Maalim." Tukamwuliza jitu hilo lina kosa gani, hakujua. Na kwa kuwa sisi pia hatukujua, tulimwomba kijana mmoja ajuaye Kiingereza atusomee kitabu cha asili.

Kitabu hicho kilipigwa chapa London mwaka 1818, nacho kilitungwa na Mwingereza, Bibi Mary Shelley, aliyekuwa na umri wa miaka 20. Tuliyoyasikia yalitushangaza. Frankenstein silo jina la jitu, bali ni la kijana msomi aliyeliunda kwa viungo vya maiti. Jitu lenyewe halina jina kabisa. Lilipofumbua macho, muundaji wake aliliogopa, akalikimbia. Likajifunza kusema kwa kuyasikiliza kwa siri mazungumzo ya watu wa nyumba moja maskini, nalo likawa likiwakusanyia kuni usiku. Mzee wa nyumba ile, kipofu, alilipokea kwa upole. Mwanawe aliyeona alilipiga. Baadaye ndipo lilipoua, na wa kwanza alikuwa ndugu mdogo wa yule aliyeliunda.

Basi la kutisha katika hadithi hii silo uso wa jitu. Ni yule aliyeumba kitu kisha akakitupa. Lakini kitabu cha picha, kwa uchache wa kurasa zake, aghalabu huonyesha uso na kuyaacha maneno. Wachapaji wenyewe walilijua jambo hili. Albert Kanter alianza mwaka 1941, huko New York, kuvigeuza vitabu mashuhuri kuwa vya picha, na Frankenstein akamtoa mwaka 1945. Vitabu vyake vilikuja kuwa na neno mwishoni, la kumhimiza msomaji akasome kitabu cha asili.

Mwaka 1954 malalamiko juu ya vitabu vya kutisha yalizidi Marekani, hata wachapaji wakajiwekea kanuni ya kukataza wafu watembeao na wanyonya damu. Mwaka 1971 kanuni hiyo ililegezwa: wanyonya damu na wenzao wakaruhusiwa, madhali wataonyeshwa kwa desturi ya vitabu vyenye hadhi, kama hicho cha Bibi Shelley.

Je, wazazi, sisi tufanyeje? Mtoto mdogo anayeshindwa kulala kwa hofu, azuiwe, naye aelezwe sababu. Lakini aliyekwisha kupata akili, kumnyang'anya kitabu na kwenda zetu hakutoshi. Atakitafuta kingine akisome uvunguni. Yapasa tuketi naye tumwulize: Jitu hili nani kalilea? Kosa lilianzia wapi? Kazi hii huchukua jioni nzima, nasi wazazi twaikimbia kwa kuwa tumechoka.

Yule mwanafunzi tulimsimulia hadithi yote baada ya darasa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Maalim, mbona hakulipa hata jina?"

Sisi tunaowapa watoto wetu majina siku ya saba, na tulitafakari swali hilo.

Wassalaam.