Kampuni au gereji bubu? Tunauliza swali la kijinga

Hivi jamani, nani alituambia kwamba gari likiingia kwenye gereji yenye vigae na mashine ya kahawa basi limeshapona? Na nani alituambia kwamba fundi mwenye ovaroli iliyolowa oili lazima awe mwizi?

Kila Jumamosi pale kijiweni kwetu Sakina mjadala ni huo huo. Mmoja anasema, "Mimi gari langu kampuni tu, silipeleki kwa wahuni." Mwingine anarukia, "Kampuni ndio wezi wenyewe, mimi nina chalii wangu Unga Limited anamaliza kila kitu." Wanabishana kama Simba na Yanga mpaka jua linazama nyuma ya Monduli. Waulize sasa: mara ya mwisho kwenye gari lako walibadilisha nini? Kimya. Hakuna anayejua. Wanajua bango la gereji tu.

Wadau, mimi nimekuwa upande wa kwanza, nikahamia upande wa pili, na kote nilifanya ujinga ule ule. Ujinga huo nusura umuue mama yangu. Kwa hiyo leo siandiki kwa upole.

Tuanze na upande wa vigae. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, gari ambalo ukirusha jiwe pale Mnara wa Saa huwezi kulikosa. Nilipolipata nilikuwa na ushamba wote wa gari la kwanza. Nikalipeleka kwenye gereji moja kubwa ya mjini, jina nabaki nalo. Nikakaribishwa kiti, nikapewa kahawa na gazeti, nikaitwa "madam". Baada ya saa mbili nikaletewa bili ya shilingi 480,000, na chini yake pendekezo: mkanda wa taimingi ubadilishwe haraka. Kijana wa kaunta akaniambia kwa sura ya daktari kwamba mkanda ule ukikatika, injini imekwisha. Nikaogopa kweli. Nikaomba siku mbili nikatafute hela.

Siku mbili hizo ndizo zilizonifumbua macho. Injini za IST za kizazi kile, iwe 1NZ ya cc 1,500 au 2NZ ya cc 1,300, hazina mkanda wa taimingi. Zina cheni. Nilikuwa natakiwa kulipia kubadilishiwa kitu ambacho gari langu halijawahi kuwa nacho! Niliporudi kuuliza nikaambiwa "ni makosa ya kompyuta". Labda. Lakini nisingeuliza, kompyuta ingekula hela yangu bila wasiwasi wowote. Na ukiwa mwanamke kaunta ya namna hiyo inakuwa na makosa mengi zaidi. Dada zangu mnanielewa.

Hapo ndipo nikajiuliza: kwanza mimi nafuata nini kule? Nilikuwa nasema nalinda waranti. Waranti ipi? Gari hili lilitengenezwa kwa soko la Japani, likatumika huko miaka mingi, likashuka bandari ya Dar likiwa mtumba. Waranti yake ilikufa kabla mimi sijajua tofauti ya klachi na breki. Wengi wetu tunaoendesha mitumba ya Japani hapa Arusha tunalinda maiti.

Na hata wenye magari mapya wasitishwe kirahisi. Umoja wa Ulaya ulilegeza ukiritimba wa mawakala kwa kanuni ya mwaka 2002, na mwongozo wake wa 2010 ukaeleza wazi kwamba mtengenezaji hawezi kukunyima waranti kwa sababu tu sevisi ya kawaida umeifanya kwa fundi mwingine. Afrika Kusini, Tume yao ya Ushindani ilitoa mwongozo wa namna hiyo ulioanza kutumika Julai 2021. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani, FCC. Mliosoma sheria, hilo nawaachia. Mimi nasema tu kwamba swali hili wenzetu wameshalipeleka mpaka kwenye kanuni za nchi, sisi bado tunalijadili kwa mikwara ya kijiweni.

Lakini nisiwe mnafiki. Wakala rasmi ana kazi yake. Kama gari lako ni jipya na mkataba wa waranti unakutaka uende kwake, soma mkataba, nenda. Kuna jingine ambalo fundi wa mtaani hawezi kukusaidia: magari yanayoitwa kurudishwa kiwandani kwa kasoro. Mnaikumbuka Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa iliyokuwa ikilipuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria? Toyota, Honda na wengine wengi waliyaita mamilioni ya magari, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Mtumba wako unaweza kuwa mmoja wa hayo magari na umefika hapa bila kurekebishwa. Chukua namba ya chesisi, nenda kamuulize wakala. Huyo ndiye wa kumuuliza swali hilo, wala usione haya.

Haya, sasa upande wa vumbi. Baada ya ile hadithi ya mkanda nikahamia kwa mafundi wa mtaani kwa hasira, kama mtu aliyehama dini. Na huko nako nikaona mambo.

Fundi wa kwanza alinitolea thamostati. Hakuniuliza. Alisema, "Dada, hii ni ya Ulaya, Afrika joto, tunatoaga." Joto gani? Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na mwezi wa saba tunalala na blanketi mbili! Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata joto lake la kazi na inakunywa mafuta. Nilikaa miezi nikilaumu bei ya petroli.

Fundi wa pili akataka kunimiminia haidroliki ya kopo lolote kwenye gia boksi, eti "haidroliki ni haidroliki, si zote nyekundu?" Si kweli. Gia boksi ya otomatiki ya gari langu inataka aina yake, Toyota T-IV, na gia boksi ikifa hutaililia kwa hela ya haidroliki.

Kwa hiyo wanaosema gereji bubu zina madudu, hawasemi uongo. Ila subirini niwaambie dudu kubwa kuliko yote lilikuwa nani.

Fundi wangu wa tatu, huyu niliye naye mpaka leo, gereji yake haina vigae. Ni kiwanja, mti, bati na shimo moja la zege. Siku moja alinifungulia matairi ya mbele akanionyesha pedi za breki zimekwisha. Akasema pedi nzuri dukani ni 85,000. Nikamwambia, "Mh! Fundi, acha nikatafute mwenyewe." Nikaenda mjini nikazipata za 25,000, boksi linang'aa, limeandikwa "Genuine" kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Nikarudi nazo nikiwa nimejaa ushindi. Fundi akazigeuzageuza, akasema, "Dada, hizi mimi sizijui." Nikamwambia afunge. Akafunga. Ufundi alitaka 15,000, nikamshusha mpaka 8,000.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Ilkiding'a kumchukua mama, tulikuwa na ugeni nyumbani. Mnaoijua barabara ile kutoka juu mlimani kushuka Sakina mnajua ule mteremko. Tukaanza kushuka, mama mbele, ndizi na maziwa nyuma. Katikati nikaanza kusikia harufu kama ya kuungua. Nikakanyaga breki: pedali ngumu kabisa, gari haliko tayari kusimama. Nikakanyaga kwa nguvu zote. Linapunguza kidogo, linaendelea. Mbele kulikuwa na watoto wa shule wamepanga mstari pembeni.

Nikarudisha gia kwenye L, injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikaliegemeza kwenye ukingo wa udongo upande wa migomba. Likasimama. Mama hakupiga kelele hata mara moja. Alinishika mkono tu, akauliza, "Mwanangu, gari si umetoka kulitengeneza?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake fundi alikuja na boda, akafungua tairi pale pale. Zile pedi zilikuwa zimepasuka na zinamenyeka kama keki kavu. Nikaanza kufoka, si mnajua tena? Nikafoka kuhusu mafundi wa mtaani, kuhusu ubabaishaji, kuhusu nchi hii. Akasubiri nimalize. Kisha akasema kwa adabu kabisa, "Dada, hizi ulileta wewe."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo hoja yangu yote. Tunabishana kampuni au mtaani ili tusijiulize sisi wenyewe tumedai nini na tumelipia nini. Kule kwenye vigae tunalipa bila kuuliza kwa sababu tunaona aibu kuonekana hatujui. Huku kwenye vumbi tunabana hela bila kuuliza kwa sababu tunamdharau aliyeinama. Kote hatuulizi. Mtu anamshusha fundi wa breki mpaka 8,000, halafu jioni yuko Kwa Mrombo anaagiza nyama choma ya 40,000 bila kukohoa!

Na breki si mzaha katika mkoa huu. Februari 24, 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, lori ambalo polisi walisema lilifeli breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Mimi sijui breki zile zilitunzwa na nani na sitamlaumu mtu nisiyemjua. Ninachojua ni kwamba baada ya msiba wote tuliandika "poleni", kisha tukarudi madukani kuulizia pedi za bei rahisi.

Wanaosema fundi wetu hawezi kazi ya maana, naomba waamke mapema siku moja wakasimame barabara ya Kisongo. Wayaone yale Land Cruiser ya watalii yakielekea Serengeti na Ngorongoro. Mengi ya hayo yamekatwa, yakarefushwa, yakawekewa paa la kufunguka hapa hapa Arusha, na yanatunzwa na mafundi wa hapa hapa. Mzungu aliyelipa maelfu ya dola anashushwa kreta ndani ya kazi ya mikono yao, na jioni anapandishwa salama. Tofauti ni nini? Yule mwenye kampuni ya utalii ana daftari. Kila gari lina rekodi, kila spea ina risiti, na fundi anajua kwamba ataulizwa.

Basi na sisi tuulize. Mimi sasa nafanya hivi, na ninayafanya popote, kwenye vigae na kwenye vumbi:

Kazi inaandikwa kwenye karatasi kabla spana haijagusa gari. Spea ya zamani narudishiwa mkononi, naiona. Spea mpya nanunua kwa namba ya chesisi, kwenye duka linalotoa risiti ya EFD, na fundi ndiye anayeikubali au kuikataa. Gari likiinuliwa linakaa juu ya stendi, siyo jeki peke yake, maana fundi anayechezea maisha yake atachezea na yangu. Nauliza umejifunzia wapi: VETA, Chuo cha Ufundi Arusha, au mtaani? Wa mtaani simdharau, VETA wana mpango wa urasimishaji ujuzi, anapimwa anapata cheti. Na kila kitu naandika kwenye daftari la shilingi 1,000 linalokaa kwenye dashibodi, tarehe na kilomita.

Gereji inayokataa masharti hayo naondoka, hata kama kahawa yao ni nzuri. Inayoyakubali nalipa bei yake bila kuishusha, hata kama nimekalia tairi bovu chini ya mti. Fundi wangu siku hizi ananitania, ananiita "mkaguzi". Lakini ameanza kuandika daftari la wateja wake wote.

Mtasema haya ni mengi, nani ana muda? Sawa. Mama yangu bado anapanda gari langu, ila kila tukianza kushuka kutoka Ilkiding'a ananiuliza breki zimekaguliwa lini. Siku hizi nina jibu, tena lina tarehe. Wewe wa kampuni, na wewe wa Unga Limited, abiria wako akikuuliza leo utamjibu nini?

Nawasilisha.